Kiwanja cha Yeremia

Kioo cha nyuma cha daladala ninayopanda kimeandikwa kwa rangi nyekundu: YEREMIA 29:11. Mstari huo umeenea hadi kwenye kalenda na kadi za harusi: Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nilipoachishwa kazi mwaka juzi, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilitumiwa mstari huo na watu wengi hadi nikauchukia. Mungu anisamehe.

Usiku mmoja, kwa hasira tu, nikafungua Biblia nione majirani zake. Kumbe mstari wa 10, ule usioandikwa kwenye daladala, ulio ndani ya barua ya nabii Yeremia, unawaambia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli kwamba watarudishwa kwao baada ya miaka 70. Sabini! Aliyesomewa barua ile akiwa na ndevu alijua atazikwa hukohuko. Ndiyo maana juu kidogo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Ajabu ni kwamba hapo ndipo nilipoanza kutulia. Angalau Yeremia hakunidanganya kwamba Ijumaa mambo yatanyooka. Naona tunawaonea wenye shida tunapowapa mstari wa 11 na kuwaficha wa 10.

Nikaendelea hadi sura ya 32, na hapo nikanasa. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema mji utaanguka. Ndipo anapokuja Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, na habari ya shamba: nunua lile langu la Anathothi, haki ya kulikomboa lisitoke katika ukoo ni yako. Anathothi! Kijiji kilekile ambacho watu wake waliwahi kutaka kumwua. Na kwa kuwa adui alikuwa ameuzunguka mji, shamba lenyewe halikufikika. Dalali yeyote wa Dar angeona aibu kuliuza.

Yeremia akalinunua, tena kwa taratibu zote. Akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri. Nakala mbili, moja ya muhuri na moja iliyo wazi, akamkabidhi karani wake Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu. Sisi tunaotunza hati za viwanja ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro tunamwelewa kabisa.

Ninachompendea zaidi ni kilichofuata. Baada ya kulipa ndipo anasali, na sala yake ni kama ya mtu aliyeamka usingizini: Bwana, mji huo unachukuliwa, nawe umeniambia ninunue shamba? Alitii kwanza, mshangao ukaja baadaye. Niliwahi kufundishwa kwamba mwenye imani hashangai. Sikubali tena.

Mji ukaanguka kweli, na Yeremia mwisho wa yote akaburutwa na wenzake hadi Misri. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba aliwahi kulima lile shamba.

Karne nyingi baadaye Warumi nao walilibomoa Hekalu, mwaka 70 baada ya Kristo. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, inasimulia kwamba Rabi Akiva na wenzake walipita pale wakamwona mbweha akitoka palipokuwa Patakatifu pa Patakatifu. Wenzake wakalia, yeye akacheka. Alisema kama utabiri wa maangamizi umetimia, basi na ule wa nabii Zekaria, wa wazee kuketi tena katika njia za Yerusalemu na fimbo zao, utatimia. Mimi bado niko na wale waliolia. Ila nafurahi kwamba katika msafara ule alikuwepo mmoja wa kucheka.

Mke wangu nilimsimulia habari ya shamba tukichambua mchele. Alisikiliza hadi mwisho, akapuliza pumba, akauliza: “Na mtu yuko mahabusu, hizo shekeli 17 alizitoa wapi?”