Kusubiri siyo kila mara ndo kuokoa hela
Nimesoma makala mpaka mwisho, mwandishi anasema tusubiri matoleo mapya yatoke ndo tununue laptop, mi hapo sikubaliani naye kabisa. Matoleo mapya hayaishi jamani, ukingoja hili wanatangaza lingine, na sasa hivi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili, isiyozunguka) zimepanda bei kwa sababu viwanda vya chipu vinapeleka mzigo mkubwa kwenye seva za AI (akili mnemba), kwa hiyo anayengoja bei ishuke anaweza akakuta imepaa zaidi.

Mimi nilisubiri karibu mwaka mzima, betri imevimba mpaka tachipadi imeinuka haibonyezeki, feni inanguruma kama cherehani, bado najiambia ngoja kidogo, siku moja ikazima katikati ya kazi haikuwaka tena. Betri ikivimba acheni kuitumia siku hiyohiyo, inaweza kushika moto, hapo hakuna cha kusubiri.

Ila kama yako inakwamakwama tu na bado ina ile hard disk ya zamani ya kuzunguka, weka SSD kwanza, utaona tofauti kubwa sana. Pia Windows 10 ilimaliza muda wake wa kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa zisizo za zamani sana, mashine ikigoma hapo hiyo ndo sababu ya kweli ya kununua. Na ukinunua chukua yenye RAM ya 16GB, maana nyingi siku hizi RAM imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza baadaye.