Darasa la Jumapili la Watoto wa Kihindu: Kukariri Si Tatizo

Dini ya Kihindu haina siku moja ya juma ya kukusanyika. Jumatatu ni ya Shiva, Jumanne wengi humwomba Hanuman, na ibada nyingi hufanyika nyumbani, mbele ya picha na sanamu zilizopangwa kwenye rafu. Lakini wazazi waliohamia Marekani baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 wamejikuta wakiwapeleka watoto darasani kila Jumapili, sawa na majirani zao Wakristo. Madarasa yanayojulikana sana ni Balavihar, ya Chinmaya Mission, taasisi iliyoanzishwa India mwaka 1953. Watoto huimba bhajan, yaani nyimbo za ibada, husikiliza visa vya miungu Rama na Krishna, na kukariri beti za Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Wanaofundisha ni wazazi wenzao wanaojitolea.

Wapo Wahindu wasioyapenda. Dini, wanasema, mtoto huiokota kwa bibi yake anapowasha taa jioni au kufunga siku ya Ekadashi, ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, haiokoti kwenye daftari. Sawa, ila bibi yuko Ahmedabad na mjukuu yuko Houston. Kenya mambo ni nafuu: mara nyingi bibi yupo, hekalu halipo mbali, na Elimu ya Dini ya Kihindu imo kwenye mtaala wa taifa hadi mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari. Shule za serikali za Marekani zinaweza kueleza habari za dini, lakini haziruhusiwi kumlea mtoto ndani yake. Darasa la Jumapili linabebeshwa mzigo wote.

Lawama nyingine ni ya kukariri. Sura ya 15 ya Gita ina beti 20, na mtoto huzisoma kwenye karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, Kisanskriti chenyewe, lugha ya kale ya beti hizo, hakijui. Aliyesoma chuo cha Kurani pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa: unahifadhi kwanza, maana inakuja baadaye, na wakati mwingine inakuja ukiwa na mvi. Mimi sioni kosa hapo.

Kinachonitia shaka ni kinachochujwa. Watoto wa Kigujarati, Kitamil na Kibengali huketi chumba kimoja, na ili somo liende inabidi Uhindu uwe mmoja. Wakifundishwa kwamba kutokula nyama ni adabu ya Mhindu, yule wa Kibengali atarudi nyumbani akute mchuzi wa samaki mezani. Hilo dogo, la matabaka ya kuzaliwa ndilo zito.

Chukua kisa cha Ekalavya katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Kijana wa Wanishada, watu wa msituni waliohesabiwa duni, anataka kufundishwa upinde na Drona, mwalimu wa wana wa wafalme, anakataliwa, anajifunza mwenyewe mbele ya sanamu ya mwalimu huyo mpaka anawashinda wanafunzi wake. Drona anamdai ada: kidole gumba cha mkono wa kulia. Anakikata bila kusita. Ni rahisi kukisimulia kama somo la utii kwa mwalimu, kisha zamu ya maswali ikaishia kwenye uaminifu wa Ekalavya. Mtoto wa miaka 13 atauliza kwa nini alikataliwa.

Wazazi wanaolikwepa swali hilo wana sababu. Shuleni mtoto wao husikia India ikielezwa kwa mchoro wa piramidi ya matabaka, kisha wenzake wanamuuliza yeye ni wa tabaka gani. Aibu hiyo si ya kubeza, na ilikuwa sehemu ya ugomvi wa vitabu vya kiada California mwaka 2005 na 2006, vikundi vya Wahindu vilipotaka maelezo hayo yabadilishwe. Wanaharakati wa Kidalit, watu waliowekwa chini kabisa ya matabaka hayo, walijibu kwamba historia yao ndiyo ingefutwa. Ugomvi haujaisha. Mwaka 2023 jiji la Seattle lilipiga marufuku ubaguzi wa matabaka hayo. Mswada kama huo ulipita bunge la California, Gavana Gavin Newsom akakataa kuutia saini. Watoto wanayasoma haya kwenye simu. Jumapili ikinyamaza, watafundishwa na simu.

Na ajabu ni kwamba Mahabharata yenyewe haifichi. Inasema Drona alimkataa kwa kuwa ni mwana wa Mnishada, na kwamba kidole kilidaiwa ili ahadi ambayo Drona alimpa mwana wa mfalme Arjuna, ya kutopitwa na mwanafunzi yeyote, isivunjike. Mwalimu hahitaji kuongeza neno lake hapo. Asome maneno hayo darasani, awaache vijana wabishane.