Kile kishikio cha pembeni

Kwa miaka mingi nilijinyoa mwenyewe bila kugusa kile kishikio kidogo kilicho ubavuni mwa mashine ya kunyolea. Nilidhani ni cha fundi. Siku moja nywele zilikwama kwenye meno, mashine ikawa inanguruma tu bila kukata. Kwa hasira nikakisukuma juu, nikakishusha, nywele zikadondoka zenyewe kwenye sinki.

Ndipo nikaitazama vizuri. Meno yake ni safu mbili, moja imetulia, nyingine inakwenda kushoto na kulia. Kishikio kikiwa juu, ncha za safu hizo hukaribiana na nywele hukatwa fupi kabisa. Kikishushwa, huachana kidogo na nywele hubaki ndefu kiasi. Kumbe hivyo ndivyo vinyozi wanavyofuta ule mstari unaobaki kati ya kichana namba moja na namba mbili, yaani nywele za milimita 3 na za milimita 6. Isitoshe, kila mkao hutumia sehemu nyingine ya makali, kwa hiyo meno hayachakai mahali pamoja. Yote haya yaliandikwa kwenye kijitabu nilichokitupa pamoja na boksi.

Siri za namna hii nazipenda. Pini ya nywele nayo ni hivyohivyo: upande wenye mawimbi unatakiwa kulala chini, kwenye ngozi ya kichwa, ili ushike nywele zisiteleze. Dada yangu bado anabisha, na bado pini zinamdondoka.

Ninayoitilia shaka ni ile rangi inayofifia, eti kukuambia kuwa kifaa kimechakaa na ukibadili. Kwa mswaki sina ugomvi: madaktari wa meno wanashauri kuubadili kila miezi 3 hadi 4, au mapema zaidi nyuzi zikichanuka, na nyuzi za bluu zinazopauka zinamkumbusha msahaulifu kama mimi. Lakini ule utepe wa rangi ulio juu ya makali ya wembe? Kazi yake ni kutoa utelezi unapolowa. Ukipauka, maana yake utelezi umepungua. Kuhusu makali haujui lolote. Hata hivyo wengi wetu tunautupa wembe siku hiyohiyo, na anayefurahi ni muuzaji. Mimi nasikiliza shavu: wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, basi. Huu nilio nao utepe wake ulipauka tangu wiki iliyopita, na asubuhi ya leo umeninyoa bila mkwaruzo hata mmoja.