Dadabhai Naoroji na hesabu za magereza

Habari za uhuru wa India kwetu huanza na Gandhi na kuishia na Gandhi. Kuna mzee tunamruka: Dadabhai Naoroji, Mparsi (jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi) wa Bombay, mwalimu wa hisabati aliyehamia London mwaka 1855 kufanya biashara.

Silaha yake ilikuwa takwimu, tena za Waingereza wenyewe. Miaka ya 1870 alizichambua taarifa za serikali ya kikoloni mkoa kwa mkoa, akajumlisha thamani ya mazao na mali nyingine, akagawa kwa idadi ya watu. Akapata kama rupia 20 kwa mtu kwa mwaka. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: akafungua hesabu za magereza. Humo serikali ilikuwa imeandika inatumia kiasi gani kumlisha na kumvisha mfungwa. Mfungwa aligharimu zaidi ya kile anachopata raia wa kawaida! Na ile 20 ni wastani tu, matajiri wamo ndani yake. Sasa ofisa wa London angebisha nini, na taarifa ni zake?

Mali ilikwenda wapi? Ilivuka bahari, alisema Naoroji: pensheni za maofisa waliostaafu wakarudi kwao, gharama za ofisi ya London iliyosimamia India, faida ya uhakika waliyoahidiwa wenye mitaji ya reli. Wavamizi wa zamani waliiba wakaondoka, au wakabaki wakala mali palepale. Mwingereza alikuwa akichota kila mwaka na kupeleka kwao.

Wapo wanaombeza kwa upole wake. Ni kweli, aliwaandikia watawala kwa adabu mno, na mwaka 1892 akaingia hata Bunge lao kwa tiketi ya chama cha Liberal, akishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 10. Lakini wale vijana wakali waliokuja baadaye, hoja ya unyonyaji waliitoa wapi kama si kwake? Gandhi mwenyewe, katika kitabu chake Hind Swaraj cha mwaka 1909, alimtetea mzee huyu dhidi ya waliomdharau. Tena upole huo haukumzuia: Calcutta, mwaka 1906, akiwa na miaka 81 na rais wa mkutano wa Congress, chama kilichodai haki za Wahindi, hotuba yake ilitaja waziwazi kinachodaiwa. Swaraj, kujitawala.