Leseni ukutani, friji bila umeme

Mama alinipigia simu kutoka Busia akaniambia ana taifodi tena. Ya tatu mwaka huu. Nikamuuliza wamempima vipi. "Wamenitoa damu, nusu saa majibu tayari, na dawa wamenipa hapo hapo." Nikajua ni Widali, kipimo cha haraka cha taifodi. Kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupambana na vijidudu, na aliyewahi kuugua au kuchanjwa anaweza kuwa nazo bila kuumwa chochote. Taifodi ya uhakika hujulikana kwa kuotesha vijidudu vyake kutoka kwenye damu, kazi ya siku kadhaa. Lakini pale anayepima ndiye anayeuza dawa, dirisha ni moja. Jibu la "huna kitu" litamlisha nani?

Sijikwezi. Kabla ya kuja Massachusetts, Marekani, nilifanya kazi katika maabara ya chumba kimoja nyuma ya paki ya teksi. Chati ya joto la friji ya dawa za kupimia tuliijaza Ijumaa, wiki nzima kwa mkupuo: nne, tano, nne, sita. Tulibadilisha kalamu, mara ya buluu mara nyeusi, ionekane kazi ya siku tofauti. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne. Mkaguzi alipofika alitazama leseni ya Baraza linalosajili maabara ukutani, akahesabu vyeti vyetu, akaaga. Friji hakuifungua.

Huku siigusi damu ya mgonjwa kabla ya kupitisha kontroli, sampuli ambayo jibu lake tunalijua tayari. Jibu lake likitoka nje ya mipaka kazi inasimama, daktari apige kelele kwenye simu atakavyo. Tena mara 3 kwa mwaka tunaletewa sampuli 5 za kutujaribu, tusizojua zina nini. Ukizituma kwa makusudi maabara nyingine zisomwe huko, maabara yako inaweza kupokonywa cheti. Sheria inayodai haya ni ya 1988, ilikuja baada ya wanawake kuambiwa wazima kumbe wana saratani ya mlango wa kizazi. Wamarekani hawakuzaliwa waadilifu, maana hata Theranos, kampuni ya kupima damu, iliwachezea miaka mpaka ikanyang'anywa cheti 2016. Na bili za huku usiniulize.

Wanaosema vile vyumba vyetu vifungwe sikubaliani nao. Mama atapimwa wapi saa tatu usiku? Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga maabara za Afrika kwa nyota 5 upo, na nyota ya tano inataka asilimia 95 ya alama, ila chumba chetu hata ya kwanza tusingeiota. Tungefaidika na kitu kidogo tu: slaidi tano za malaria, vile vioo vya damu vya kusoma kwa darubini, kila baada ya miezi mitatu, na mtu wa kurudi kuuliza tumeona nini. Leseni ihuishwe kwa majibu hayo, si kwa risiti ya ada peke yake.

Nilimwomba Mama arudi akamuulize yule kijana kama kuna njia ya kuotesha damu. Akacheka. "Mwanangu, huyo ndiye anayenikopesha dawa mpaka utume pesa. Leo nianze kumhoji?"

Dawa anameza, leo siku ya nne.