Mtihani chini, soksi juu

Ikifika Machi hapa Marekani, shule za darasa la sita hadi la nane zinapagawa kwa kututumia wazazi taarifa. Barua pepe asubuhi, ujumbe wa simu mchana, jioni simu yenye sauti ya mashine. Ni habari ileile!

Wingi ningeuvumilia. Kinachonichosha ni mpangilio. Barua inaanza na picha ya maua, mauzo ya biskuti, albamu ya picha za wanafunzi wa mwaka huu itakayopanda bei baada ya Ijumaa, na kesho mtoto avae soksi zisizofanana (yaani unaambiwa saa tatu usiku). Huko mwisho kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, ndipo unakuta kwamba mtihani wa jimbo wa hesabu unaanza Jumanne, mtoto aje na kompyuta iliyochajiwa na asichelewe.

Na sisi wa Kiswahili? Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kwa miaka mingi imeeleweka kuwa mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa vitendo, mkalimani ni mtoto mwenyewe. Ukimuuliza barua ya mahudhurio inasemaje, anakujibu bila kupepesa: "Inasema niko vizuri, mama." Vizuri wapi, na umechelewa wiki nzima tangu saa zisogezwe mbele, kama ifanywavyo hapa kila Machi?

Jamani, tarehe za mitihani ziwekeni juu. Soksi tutazitafuta wenyewe.