Andika text/javascript, au usiandike kitu

Wiki hii kijana ninayefanya naye kazi amenirudishia msimbo wangu na maoni haya: "text/javascript imepitwa na wakati, weka application/javascript." Hayo ni majina mawili ya lebo ileile, inayokiambia kivinjari kwamba kinachopokea ni skripti ya JavaScript. Imeniuma. Kijana ana bidii na amesoma, ila amesoma waraka ambao umeshabatilishwa.

Waraka wenyewe ni RFC 4329, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, wa Aprili 2006. Ndio uliosajili application/javascript, na papo hapo ukatangaza kwamba text/javascript imeachwa. Imeachwa na nani? Wavuti nzima ilikuwa ikiitumia. HTML 4.01, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilikulazimisha uandike type, yaani lebo hiyo, kwenye tagi ya script, na mifano yake yenyewe ilikuwa na text/javascript. Internet Explorer, hadi toleo la 8, ilikuwa ikikuta application/javascript kwenye tagi ya script inairuka. Haitoi kosa wala onyo. Inaiona kama lugha isiyoijua, inapita zake.

Miaka ile nilitengeneza fomu ya kujiandikisha mafunzo, nikafuata waraka neno kwa neno. Kwangu ikafanya kazi vizuri. Kesho yake nikapigiwa simu: "Kaka, hiki kitufe mbona hakifanyi kitu?" Nikaenda hadi kwenye kibanda cha intaneti, nikamkuta dada amejaza kila nafasi, anabofya na kubofya kwenye kivinjari kikongwe, na dakika alizolipia zinakwisha. Sijamsahau hadi leo. Mashine haikuwa yake. Asingeweza kubadilisha kivinjari hata angetaka.

Ndiyo maana sitachoka kusema: ukitangaza kuwa kimekufa kitu ambacho bado kinafanya kazi, bila kutazama watu wameshika nini mkononi, unayemuumiza ni yule asiye na uwezo wa kuchagua. Nakubali walioandika walikuwa na hoja. Aina za text zina matatizo yake ya usimbaji wa herufi, na skripti ni programu ya kuendeshwa, si maandishi ya kusomwa. Sawa. Dada yule hoja hiyo ingemfaa nini?

Imetuchukua miaka 16. Mei 2022 ikatoka RFC 9239: text/javascript ndiyo rasmi, application/javascript ndiyo iliyoachwa. HTML ya sasa inakushauri usiandike type kabisa kwa skripti ya kawaida. Pa kuwa makini ni kwenye seva, maana skripti ya module (ile inayoweza kuingiza skripti za faili nyingine) ikitumwa bila aina ya JavaScript, kivinjari kinaikataa. Ukali huo naukubali kwa moyo wote, kwa sababu kosa linaonekana pale pale kwenye konsoli, dirisha la kivinjari linalomwonyesha mtengenezaji makosa, kabla halijamfikia mtu anayelipia dakika.

Nimekaa na kijana, tumefungua nyaraka zote mbili tukazisoma pamoja. Kisha nimeifuta type kwenye tagi, nikaacha text/javascript kwenye seva, naye ameupitisha msimbo.